Breki ya Mkono ya Baba Ye-rim

Kwenye fleti za Maehwa, jengo namba 103, kuna watu wa aina mbili: wanaorudi kabla ya saa mbili usiku wakapata nafasi ya kuegesha, na wanaorudi baadaye wakawaziba wenzao. Majengo haya yalijengwa enzi ambazo mwenye gari alikuwa daktari au mkwe wa daktari. Siku hizi hata wanaogombana kuhusu bili ya maji wana magari mawili mawili. Kwa hiyo tuna sheria yetu, haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua. Ukiegesha safu ya pili, mbele ya gari la mwenzako, unaacha gia kwenye nyutro, unashusha breki ya mkono, unanyoosha usukani, na unaacha namba yako ya simu juu ya dashibodi. Mwenzako akitaka kutoka, atalisukuma gari lako kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemsogeza mama mkwe kwenye picha ya harusi, kisha ataenda zake. Likigoma kusogea, atapiga namba. Wilaya nzima inaishi kwa imani hiyo, na wengine hawana imani nyingine.

Baba Ye-rim alikuwa akiivunja sheria hii mara mbili kwa mpigo, kila siku, na hakuna aliyejua, kwa sababu alikuwa na mke.

Jina lake ni Pyo Jong-ryeol, ana miaka sitini na minne. Kwa miaka ishirini na saba aliendesha basi la Wonju kwenda Gangneung, kupita ile milima ambako abiria hutapika kwa zamu kama wanaimba kwaya. Dereva wa basi akisimama mlimani, mkono unavuta breki kabla kichwa hakijaamua. Mkono wa Baba Ye-rim ulistaafu miaka mitano iliyopita pamoja naye, lakini taarifa ya kustaafu haikuufikia. Akizima injini, krrk, breki juu. Umwambie, umkumbushe, umwandikie karatasi umbandikie kwenye usukani, krrk.

Mkewe, Gye-suk, hakupoteza muda kumwambia. Alikuwa akisikia mlango wa nyumba unafunguliwa anauliza neno moja tu.

"Breki?"

"Nimeshusha."

Basi Gye-suk anavaa ndara zake za plastiki za zambarau, anachukua funguo za akiba, anashuka ghorofa tatu, na kuishusha breki ambayo mumewe ameishusha kwa mdomo. Akirudi hasemi kitu. Miaka yote ile Baba Ye-rim aliamini kwamba mkewe anashuka kutupa taka.

Namba juu ya dashibodi nayo ilikuwa ya Gye-suk. Ilibidi, maana Baba Ye-rim akilala, tetemeko la ardhi linaweza kubisha hodi, likasubiri, likaondoka. Gye-suk aliitarizi mwenyewe kwenye kimto kidogo cha ukubwa wa kiganja: matunda mawili ya persimoni, ya rangi ya machungwa, na chini yake tarakimu kumi na moja kwa uzi wa buluu. Tisa ya mwisho imelala ubavu, kwa sababu alipofika hapo tamthilia ilikuwa imenoga.

Alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi ule ambao kila nyumba hulaza kabichi kwenye chumvi. Kimto kilibaki juu ya dashibodi, na simu ikabaki kwenye droo ya nyuzi. Binti yao, Ye-rim, anayeishi Busan, alimwuliza zaidi ya mara moja, "Baba, unailipia hiyo laini ili nani aongee?" Naye akajibu, "Mkataba haujaisha." Mkataba ulikuwa umeisha zamani. Wiki ya pili baada ya mazishi, mwanamke mmoja wa matangazo ya mikopo alipiga akauliza kwa sauti ya asali, "Naongea na Bi Bae Gye-suk?" Baba Ye-rim alikaa na simu sikioni, bila neno, mpaka yule mwanamke akakata mwenyewe. Tangu siku hiyo simu ilizimwa. Kila Jumapili aliichaji, maana betri ikikaa tupu inavimba. Hakuiwasha.

Kwa miaka miwili hayo yote hayakumdhuru mtu. Mstaafu hurudi nyumbani mapema, anaegesha safu ya kwanza, na anayeegesha safu ya kwanza hahitaji namba wala nyutro. Halafu ikafika Alhamisi moja ya Februari.

Siku hiyo alikwenda Gangneung kwenye msiba wa dereva mwenzake. Alirudi saa nne na nusu usiku na kukuta uwanja umejaa mpaka kwenye lango la taka. Aliegesha safu ya pili, mbele ya gari moja la kijivu, akazima injini. Krrk. Akajiambia: nakula tambi, halafu nashuka kuangalia kama kuna aliyetoka. Akala tambi. Akajinyoosha kidogo kwenye sakafu, na sakafu ilikuwa imepashwa moto vizuri kutoka chini. Mtu aliyelala kwenye sakafu ya moto baada ya tambi ni marehemu wa muda.

Alifufuka saa nane kasoro robo kwenda chooni. Dirisha la choo linatazama uwanjani. Gari lake halikuwa pale alipoliacha. Lilikuwa mita sita mbele, limeegemeza pua kwenye bustani ya maua kama mlevi anayetapika.

Alishuka na koti juu ya nguo za kulalia. Dirisha la upande wa dereva halikuwepo. Vipande vya kioo vilikuwa vimemwagika kwenye kiti kama chumvi ya mawe, na juu yake limekaa jiwe la mviringo, zito, la ukubwa wa kichwa cha kabichi. Breki ya mkono ilikuwa chini, gia kwenye nyutro. Redio ipo. Sarafu za ushuru wa barabara zipo kwenye kikombe. Miwani yake ya jua ya udereva, ile inayomfanya aonekane jasusi wa nchi maskini, ipo. Alipapasa dashibodi mara tatu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama kipofu anayesoma.

Kimto hakikuwepo.

"Baba Ye-rim! Unaliibia gari lako mwenyewe?"

Alikuwa Mama Tae-o wa ghorofa ya kwanza, anatoka kazini kwenye mkahawa wa miguu ya nguruwe, harufu ya tangawizi ikimtangulia hatua tano. Mama Tae-o ni mjane pia, lakini wa aina nyingine: yeye mumewe yuko hai, yuko Daegu, na hatakiwi kurudi.

"Wamevunja," alisema Baba Ye-rim.

"Wamechukua nini?"

"Kimto."

"Kimto gani?"

"Cha namba."

Mama Tae-o aliingiza kichwa dirishani. Akatazama redio, sarafu, miwani. "Mwizi ameacha hela akachukua kimto? Huyo ni mwizi au ni mtawa?" Kisha akaliona jiwe. Akanyamaza kwa kiasi cha sekunde mbili, ambacho kwake ni mwezi. "Hili jiwe nalijua."

"Mawe yote yanafanana."

"Baba Ye-rim, mimi nimekaa na jiwe hili miaka kumi na tisa. Limenivumilia kuliko yule wa Daegu. Hili ni jiwe langu la kukandamizia kabichi za kimchi!"

Alikimbilia kwenye ngazi za kuingilia, ambako mtungi wake hukaa majira yote ya baridi. Mfuniko ulikuwa chini, umewekwa kwa adabu ukutani. Ndani, kabichi zote zilikuwa zimeelea juu ya mchuzi kama watalii baharini. Na kimchi ikielea, ikashika hewa, imekwisha. Kwa hiyo kesi sasa ilikuwa na walalamikaji wawili, na mmoja wao alikuwa na sauti.

Walianza na kibanda cha mlinzi. Taa ilikuwa imezimwa, na dirishani kulikuwa na kibao: NIKO DORIA. Waligonga kioo. Mama Tae-o aligonga kwa jiwe. Baada ya dakika kumi Mzee Bong, mlinzi, akatokea kutoka upande wa chumba cha mitambo ya joto, shavu lake moja lina mistari.

"Nilikuwa doria," alisema.

"Doria yenye mto?" Mama Tae-o alimwuliza. "Hebu geuka, huo mstari shavuni ni ramani ya doria?"

"Dada, mimi nina shinikizo la damu. Kuna nini?"

Wakamweleza. Baba Ye-rim akaonyesha kamera iliyo juu ya nguzo, inayotazama palepale. "Nataka kuona tu nani kachukua. Dakika mbili."

"Picha zinafunguliwa na ofisi ya usimamizi. Saa tatu asubuhi."

"Funguo unazo wewe."

"Funguo ninazo, ruhusa sina. Aliye ndani ya picha lazima akubali kwanza kuonekana. Ndiyo sheria ya faragha, kaka. Semina ilifanyika."

"Yaani tumwombe mwizi ruhusa?" Mama Tae-o alisema. "Sasa si inabidi tumpate kwanza?"

"Hapo ndipo mnatakiwa mtumie kamera," alisema Mzee Bong, na kwa heshima yake niseme alisikika akishtuka kidogo yeye mwenyewe.

Gari la Baba Ye-rim nalo lilikuwa na kamera yake kwenye kioo cha mbele, ile inayowaka taa nyekundu. Tangu anunue miaka minane iliyopita, hakuwahi kuweka kadi ya kuhifadhia picha. Alidhani taa ndiyo inayohifadhi.

Akapiga simu ya bima. Sauti ya kurekodiwa ilimshukuru kwa uaminifu wake, ikamwomba abonyeze moja, kisha tatu, kisha tarehe yake ya kuzaliwa, kisha ikamwambia wahudumu wote wanahudumia wateja wengine, na ikaanza kupiga kinanda. Walisimama kwenye theluji iliyoganda wakisikiliza kinanda. Wimbo ulipofika mwisho ulianza tena. Mara ya nne Mama Tae-o alikuwa anaujua, anaufuatisha kwa mluzi. Halafu binti akapokea.

"Bwana Pyo, pole sana kwa usumbufu. Je, gari linawaka?"

"Linawaka."

"Betri ni nzima? Tairi? Mafuta?"

"Vyote vizima."

"Je, mlango umejifunga na funguo zimebaki ndani?"

"Binti yangu, dirisha halipo. Paka anaingia na kutoka."

"Kwa hiyo huhitaji kufunguliwa mlango."

"Sihitaji."

"Basi kwa upande wa huduma zetu za usiku, Bwana Pyo, gari lako halina tatizo lolote. Vioo ni kitengo cha asubuhi, kuanzia saa tatu."

"Na kimto?"

"Samahani?"

"Kulikuwa na kimto kwenye dashibodi. Kina persimoni mbili."

"Mali iliyomo ndani ya gari haimo kwenye bima yako, Bwana Pyo. Tafadhali usikate, utaombwa kukadiria huduma ya leo kuanzia moja hadi tano."

Mama Tae-o alimnyang'anya simu akabonyeza sifuri. Sauti ikasema hilo si chaguo sahihi, na kinanda kikaanza upya.

Wakapiga polisi. Hawa walipokea haraka, hilo tusiwanyime. Kuna aliyeumia? Hakuna. Mhalifu bado yupo? Hayupo. Kilichoibiwa?

"Kimto."

"Cha kulalia?"

"Cha namba ya simu."

"Thamani yake?"

Baba Ye-rim alifungua mdomo, ukatoka moshi wa baridi tu.

"Mwambie ghali!" Mama Tae-o alimnong'oneza, na mnong'ono wake uliwasha ile taa ya ngazi inayowashwa na sauti.

"Hakiuzwi," alisema Baba Ye-rim.

"Nitaandika 'pambo dogo'. Gari la doria litakuja likipata nafasi, mzee. Usiguse kitu."

Kufikia hapo walikuwa wameshagusa kila kitu, na Mama Tae-o alikuwa amesharudisha ushahidi ndani ya mtungi.

Sasa ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Gari la taka hupita saa kumi. Ndilo jambo lililomfanya Baba Ye-rim aanze kutembea haraka. Mtu aliyechukua kimto kwa hasira, alifikiri, hatakipeleka mbali: atakitupa kwenye pipa la kwanza. Akaenda kwenye kituo cha taka, akawasha tochi ya simu, akaanza. Chupa upande huu, makopo upande ule, maboksi, na kwenye kona mapipa ya mabaki ya chakula, ambayo hata wakati wa baridi yana maoni yake. Mama Tae-o alimfuata. Alifungua mdomo mara tatu ili alalamike, kisha akakunja mikono ya koti akaanza kufungua mifuko.

"Watu wa ghorofa ya nne wanatupa nyama nzima," alisema. "Na wanajifanya hawana hela ya ada ya lifti."

Baba Ye-rim alikuwa ameinama ndani ya pipa mpaka mabega.

"Baba Ye-rim, kimto si unaweza kununua sokoni? Wanauza na vya dubu."

"Hiki kina tisa iliyolala."

Mama Tae-o hakuelewa, lakini alisikia sauti ilivyokuwa. Aliendelea kufungua mifuko. Baada ya muda akasimama ghafla, mkono mmoja umeshika gunia la maganda ya vitunguu.

"Ngoja. Iliyokuwa imeandikwa pale ni namba gani?"

Baba Ye-rim akaitaja, tarakimu kumi na moja, bila kupumua.

"Hiyo si namba yako."

"Si yangu."

"Hiyo ni ya Mama Ye-rim. Mimi ninayo bado." Akamtazama. "Kwa hiyo ukiziba mtu usiku, akitaka kutoka, anampigia marehemu?"

Huko barabarani taa ya trafiki ilibadilika kuwa kijani bila gari hata moja.

"Na breki?" Mama Tae-o aliuliza, taratibu sasa. "Uliishusha?"

"Nili..." alianza Baba Ye-rim. Akakumbuka ile sauti. Akautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama mtoto wake mbele ya mwalimu mkuu.

Alipanda hadi kwake, Mama Tae-o nyuma yake. Alifungua droo ya nyuzi. Simu ilikuwa chini ya mkasi, imefungwa ndani ya leso. Aliibonyeza, ikatetemeka, ikawaka, picha ya Ye-rim akiwa na meno mawili ikatokea. Halafu ikaanza kulia. Ililia kwa muda mrefu, mlio mfupi mfupi, ikisogea yenyewe juu ya meza kama mdudu aliyegeuzwa mgongo. Taarifa za mtandao: simu ishirini na tatu zilizokosa kupokelewa, zote kutoka namba moja, kati ya saa sita kasoro kumi na saa sita na dakika ishirini. Na ujumbe. Mama Tae-o alisoma kwa sauti, maana Baba Ye-rim hakuwa na miwani, au alisema hana.

"'Habari za usiku, samahani sana kukusumbua. Naishi ghorofa ya tano. Gari lako limenizibia na halisukumiki. Naomba ushuke.'"

"'Samahani, nimekupigia. Breki ya mkono iko juu.'"

"'Tafadhali. Mtoto wangu hawezi kupumua vizuri. Anabweka badala ya kukohoa.'"

"'Gari la wagonjwa wanasema lililo karibu limetoka, nisubiri nusu saa. Teksi hakuna inayokubali. Mlinzi hayupo. Tafadhali pokea.'"

"'Pokea.'"

"'Wewe ni mtu au ni nini?'"

Hapo Mama Tae-o alisita. Kulikuwa na wa mwisho, wa saa sita na nusu.

"'Nimevunja kioo chako. Sikuwa na njia. Nimechukua kile kimto chenye namba ili nisiipoteze, nitakupigia kutoka hospitali na nitalipa. Jiwe si langu, nilikuta mlangoni. Noh Hyeon-gu, 503.'"

Noh Hyeon-gu ni yule kijana mrefu aliyehamia Oktoba, anayeinamia kila mtu kwenye lifti mpaka unahisi umekuwa mkurugenzi. Gari la kijivu ni lake.

Mama Tae-o alikaa kwenye sakafu. "Angalau amekiri kuhusu jiwe."

Baba Ye-rim alichukua simu ya mkewe akapiga ile namba. Iliita. Iliita mpaka mwisho, na mwanamke wa mtandao akasema mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, amesimama katikati ya chumba, na mara ya nne. Hakuna aliyepokea.

"Hiyo ndiyo ladha yake," alisema Mama Tae-o, lakini kwa upole.

Akaamua kuandika. Aliandika kwa kidole kimoja, Mama Tae-o akichungulia begani. Aliandika: Rudisha kimto. Mama Tae-o akasema ongeza neno samahani mahali. Akafuta yote. Akaandika: Mimi ndiye mwenye gari. Simu ilikuwa imezimwa. Akatazama. Akaongeza: Mtoto vipi? Akatuma. Neno kimto halikuwemo.

Mama Tae-o alirudi kwake kuzamisha kabichi zake upya. Baba Ye-rim alishuka naye, akaenda kwenye gari, akafagia vioo kwa brashi ya viatu, akaziba dirisha kwa mfuko wa mbolea wenye picha ya kabichi inayocheka. Halafu akakaa ndani, kiti cha dereva, simu ya Gye-suk ikiwa juu ya paja. Gari la taka lilikuja saa kumi, likabeba mapipa yote, likaondoka. Alilitazama likiondoka na hakusogea.

Saa kumi na moja na robo simu iliita.

Alipokea mlio wa kwanza. Hakujua aseme nini, maana kwa miaka miwili simu ile haikuwa na msemaji.

"Haloo," alisema. "Ndiyo. Ni hapa."

"Mzee, mimi ni wa 503. Mzee, samahani sana, simu ilikuwa kwenye koti na koti liko kwa..."

"Mtoto."

"Amelala. Walimpa hewa ya mvuke na dawa. Wanasema baridi ya nje njiani ilimsaidia pia. Tunarudi sasa hivi."

"Endesha polepole," alisema Baba Ye-rim. "Kuna barafu pale darajani." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu tu: "Kimto kipo?"

"Kipo, mzee. Mtoto amekishika. Hataki kukiachia."

Walifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Noh alishuka mtoto akiwa mgongoni, amefungwa blanketi, mdomo wazi, na akainama palepale kwenye theluji mpaka sisi tuliokuwa tunachungulia madirishani tukaogopa mtoto atamwagika. Mkewe aliinama pia. Baba Ye-rim naye akainama. Mama Tae-o, aliyetoka kwa sababu alisikia injini, akajikuta ameinama bila kujua kwa nini, na hajalisamehe hilo hadi leo.

"Nitalipa kioo," alisema Noh. "Leo hii. Na yote niliyokuandikia, mzee..."

"Yule uliyemwandikia hakusoma," alisema Baba Ye-rim. "Mimi nilisomewa tu."

Kimto kilikuwa ndani ya ngumi ya mtoto. Mama yake alijaribu kuvifungua vidole kimoja kimoja, kama anayemenya njugu. Baba Ye-rim alisimama akitazama, mikono mfukoni. Mtoto aligeuka, akakohoa, mara moja tu, kikohozi cha kawaida cha mtu mdogo, akaachia. Kimto kilikuwa na mate na kipande cha stika ya hospitali. Baba Ye-rim alikigeuza, akaitafuta tisa kwa kidole gumba. Ilikuwepo, imelala.

Ndipo gari la doria likapata nafasi. Liliingia uwanjani taa zikizunguka bila sauti, akashuka askari kijana mwenye daftari na macho ya mtu aliyekosa usingizi wa wiki.

"Nani amevunjiwa gari?"

"Mimi," alisema Baba Ye-rim.

Noh alifungua mdomo. Mama Tae-o alimkanyaga.

"Mmemjua aliyevunja?"

"Breki ndiyo ilikuwa na makosa," alisema Baba Ye-rim. "Tumeshaelewana nayo."

Askari alimtazama, akatazama mfuko wa mbolea, akatazama ile kabichi inayocheka. "Hapa imeandikwa kimeibiwa pambo dogo."

Baba Ye-rim alionyesha kiganja. "Kiliazimwa."

"Kwa hiyo hakuna kesi?"

"Ipo kesi ya kimchi," alisema Mama Tae-o, "lakini hiyo nitaihukumu mwenyewe."

Noh alihukumiwa kubeba mtungi mzima hadi ghorofa ya kwanza ndani, kwenye veranda ya Mama Tae-o, na kila Novemba kukata figili. Ametumikia msimu mmoja na anasema uzito haujapungua. Saa tatu na dakika tano asubuhi hiyohiyo Mzee Bong aligonga mlango kutangaza kwamba ofisi ya usimamizi imefunguka na picha sasa zinaweza kuombwa. Saa tatu na dakika kumi bima ilipiga kuuliza kama Bwana Pyo angependa kukadiria huduma.

Kimto kimerudi mahali pake, juu ya dashibodi. Ye-rim alipokuja mwezi wa tatu alimwambia, Baba, basi tutarizi namba yako kwenye kingine. Alikataa. Alichofanya ni kuitoa simu kwenye droo. Sasa inakaa kando ya mto wake, mlio umepandishwa mpaka mwisho, na hakika inamwamsha. Inatuamsha na sisi wa ghorofa ya pili.

Ikiita usiku, tunamsikia. "Haloo. Ndiyo, ni hapa. Nashuka." Halafu ngazi, ghorofa tatu, plap, plap, plap: zile ndara za zambarau, ambazo ni ndogo kwake, kisigino chote kiko nje. Analisogeza gari, anaomba radhi, anazima injini.

Krrk.

Kisha plap mbili tatu za ndara, mlango wa gari unafunguliwa tena, na tunasikia breki ikishuka.